Faustin na Babu Aliyevua kwa Farasi

Élisabethville ya enzi zile, mtu aliweza kuishi bila viatu, bila kofia, hata bila akili, na wapo walioishi hivyo wakapandishwa vyeo. Kilichokuwa hakisameheki ni kutokuwa na kwenu. Ukifika bombani kuchota maji, hata ndoo hujaitua, mtu alishakuuliza, "Weye uko muntu wa wapi?" Ukisema Kongolo, ulionyeshwa watu wa Kongolo wanakokunywa. Ukisema Luapula, uliulizwa bei ya samaki. Watu wa kila upande walikuwa na chama chao, chenye rais, makamu wa rais, na bendera iliyoshonwa na mke wa rais, na kazi kubwa ya chama ilikuwa kumzika mwanachama kwa kelele za kutosha.

Faustin mpaka rangi hakuwa na kwao. Si kwamba alikuficha. Alikutafuta akakukosa. Alichokijua ni hiki tu: alipokuwa mtoto wa kubebwa mgongoni, mapadre wa misheni moja kando ya ziwa Tanganyika walimkomboa kutoka katika msafara wa watumwa uliokuwa ukielekea baharini, wakampa shati, ubatizo na jina la mtakatifu ambaye hata Wazungu wenyewe hawamkumbuki vizuri. Siku ya ubatizo waliiandika. Alikotoka hakuna aliyemuuliza, na hata angeulizwa, wakati huo alikuwa anajua kulia tu.

Misheni ilimfundisha mambo matatu: kusoma Kifaransa kwa kufuata kidole, kuimba Kilatini bila kuelewa hata neno, na kulipaka kanisa chokaa kila Pasaka ilipokaribia. Katika elimu hizo tatu, iliyomlisha ni chokaa. Reli ilipomleta Élisabethville, alipata kazi ya kupaka rangi nyumba za Wazungu kule Ville, na jioni alirudi Cité, mtaa wa Waafrika, ana mvi za kizee na ndevu za kijani. Akiulizwa ni mtu wa wapi, alikohoa. Kikohozi hicho kilimtosha miaka kadhaa, mpaka alipomwona Wivine.

Wivine alikuwa binti wa ukoo wa Kapya, wenyeji hasa wa pale, watu waliokuwa wakilima mihogo yao ng'ambo ya kijito cha Kampemba kabla Mzungu wa kwanza hajaokota jiwe la kijani la shaba akaanza kupiga makelele. Mama yake, Mama Musonda, alikuwa mwanamke mfupi mwenye kiko na ulimi, na vyote viwili vilikuwa haviishi moto. Faustin akaenda kuposa amevaa suti ya kuazima ambayo mikono yake ilifika kwenye vidole. Mama Musonda akamtazama, akamzunguka, akakaa.

"Uko muntu wa wapi?"

Kukohoa hapa kusingemsaidia. Kusema ni mtoto wa misheni kulikuwa sawa na kusema ni mtu wa popote, na binti wa Kapya hawezi kupewa mtu wa popote. Ndipo akaukumbuka ule msafara. Ulikuwa ukienda wapi?

"Ku bahari," akasema. "Miye iko muntu wa ku bahari."

Moyoni mwake hakuuona kuwa uongo mkubwa. Alitaja alikokuwa akipelekwa badala ya alikotoka. Alikosea upande tu.

Mama Musonda akakitoa kiko mdomoni. "Ku bahari kunaikala bantu?"

"Bengi sana, mama."

"Na leo beko wapi? Unakuya weye tu na hii suti."

"Njia iko mulefu, mama."

Akapewa binti, kwa sababu Wivine mwenyewe alishaamua na alikuwa amerithi ulimi wa mama yake. Lakini Mama Musonda aliweka neno moja akiba. "Siku moja tutabaona, hao bantu yako," akasema, na alilisema kwa furaha, kama mtu aliyeficha nyama.

Vitabu vilikuja baadaye, katika miaka ile ya shida, bei ya shaba ilipoanguka na Wazungu wakawa wanafunga masanduku. Faustin aliitwa kupaka upya nyumba ya mjane mmoja Mbelgiji aliyekuwa anarudi kwao. Nyuma ya nyumba palikuwa na lundo la kuchomwa: viatu, mapazia, kiti cha miguu mitatu, na juu ya vyote vitabu vitatu vinene vyenye migongo ya ngozi, na kwenye kila mgongo mawimbi yaliyochorwa kwa dhahabu. Faustin akaweka brashi chini. Akamuuliza mjane, kwa Kifaransa chake cha kidole, hivi ni vitabu vya nini. Mjane akajibu bila kugeuka kwamba ni historia ya pwani.

Pwani ipi, Faustin hakuuliza. Moyo ulimwambia anyamaze, naye akautii haraka. Mjane akampa vyote vitatu, na kile kiti juu yake.

Usiku ule hakulala, lakini si kwa kusoma. Maandishi hayakuwa ya Kifaransa. Irabu zilikuwa mbilimbili kila mahali, kama mwandishi alikuwa na kigugumizi. Faustin akaitambua lugha ile: ilikuwa Kiflama, lugha ambayo baadhi ya mapadre wa kule ziwani walikuwa wakigombana kwayo ili watoto wasielewe. Kwa hiyo hakuelewa neno. Lakini picha! Kulikuwa na bahari yenye hasira, mashua, nyavu zikianikwa, wazee wenye viko midomoni, wanawake wenye vikapu, kijiji kinachomezwa na maji. Alizitazama moja moja mpaka mafuta ya taa yakaisha, na mtu asiyekuwa na jamaa hata mmoja akalala akiwa na jamaa kurasa elfu na zaidi.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, alikaa uani kwenye kile kiti cha miguu mitatu, akaweka tofali mahali pa mguu wa nne, akafungua kitabu cha kwanza na kuanza kusoma kwa sauti ya Injili. Majirani wakaja kwa udadisi, wakabaki kwa utamu. Faustin alisoma vizuri sana kwa mtu asiyeelewa anachosoma. Alilamba kidole, alifunua ukurasa kwa wakati, na mara nyingine alirudi nyuma kana kwamba ameruka mstari. Katika kitabu kile mlikuwa na bibi yake mkubwa aliyemkataa mfalme kwa sababu ya harufu ya samaki. Mlikuwa na mjomba aliyekwenda vitani akarudi na kofia ya adui na bila ya sikio lake mwenyewe. Na alipofika kwenye picha ya kijiji kilichomezwa na maji, akasoma majina ya waliozama, mmoja mmoja, sauti ikamkatika kweli. Wanawake wakalia. Yeye pia alilia, na hakuwa anaigiza. Kufikia hapo alikuwa amekwisha kuwapenda.

Mtu mmoja tu hakulia. Huyo alikuwa Kalaba, kaka yake Wivine, mfanyabiashara wa samaki wakavu. Alisimama nyuma ya wengine, mikono kiunoni.

"Bwana Faustin, na ju ya nini hawa bantu yako bote beko bazungu?"

Watu wakageuka kutazama. Ilikuwa kweli. Faustin hakupepesa jicho.

"Kalaba, Yezu alizaliwa wapi? Ku Bulaya?"

"Hapana."

"Na mu kanisa yetu, iko na nywele ya namna gani?"

Kalaba akafikiri. Nywele za Yezu wa kanisani kwao zilikuwa za rangi ya mahindi.

"Mwenye kuchora anachora bantu bote sawa yeye," akasema Faustin. "Si kosa ya babu yangu."

Hoja ile ikapita, kwa sababu kuipinga kungemgusa Yezu. Lakini Kalaba alingojea, na kitabu cha tatu kilimpa alichokitaka. Humo mlikuwa na picha ya mzee mwenye koti la mvua, amepanda farasi mnene, na farasi yuko ndani ya bahari, maji yamemfika tumboni, anaburuta wavu nyuma. Faustin alikuwa ameikwepa picha ile Jumapili nyingi. Hakujua aifanye nini. Siku ambayo upepo uliifunua wenyewe mbele ya watu, hakuwa na njia.

"Huyu," akasema, "njo babu yangu mwenyewe, mwenye kuzaa baba yangu. Alikuwa anavua samaki na farasi."

Kalaba alicheka mpaka akashika ukuta. "Miye nanunua samaki Kasenga! Napita Kasomeno na mizigo kila mara! Nilishaona bavuvi bote ya Luapula, balevi na bazima. Farasi mu mayi? Samaki atangojea farasi?"

Cité nzima ikacheka. Kwa majuma mengi watoto walimfuata Faustin wakiruka kwa mguu mmoja na kulia kama farasi. Na aliyecheka kuliko wote alikuwa Mama Musonda, aliyecheka mpaka kiko kikazimika kwa mara ya kwanza katika historia ya ukoo. Toka siku ile alikuja kila Jumapili, anakaa mbele kabisa, na wengine wakiomba vita au mafuriko, yeye alikatiza: "Hapana. Soma farasi."

Na kila farasi aliposomwa, alimalizia kwa maneno yaleyale. "Faustin, siku miye nitakufa, ulete hao bantu yako. Nataka kubaona."

"Utabaona namna gani, mama, na utakuwa umekufa?"

"Hiyo iko mambo yangu. Weye ulete tu."

Walicheka wote, lakini Faustin kicheko chake kilikuwa chembamba, kwa sababu aliijua desturi ya ukoo wa Kapya. Mama mkwe akifa, mkwe haingii uani peke yake. Anakuja na watu wake, na mbuzi, na unga. Mlangoni wanazuiwa na mti uliolazwa njiani, na wanaulizwa mambo matatu: ninyi ni watu wa wapi, babu yenu alifanya kazi gani, na imbeni wimbo wa kwenu. Wakijibu, mti unainuliwa. Mkwe anayekuja peke yake anabaki nje ya ua mpaka mazishi yaishe, na matanga yakivunjwa ukoo unamchukua binti wao, kwa sababu hawamwachi binti kwa mtu ambaye hakuna atakayemlilia. Lilimpata mume wa binamu mmoja wa Wivine. Bwana huyo alihamia Kipushi, na inasemekana anaongea na kuku.

Mama Musonda aliishi miaka mingi baada ya hapo, kwa ukaidi tu. Faustin akazeeka, mvi za chokaa zikaondoka na nyingine zikabaki. Kisha mwaka mmoja, mvua zilipokuwa zinakatika, yule mama alikufa mchana kweupe, katikati ya kumsema jirani, na jirani hakuwahi kujua sentensi ile ingeishia wapi.

Wivine akafunga kitenge kiunoni ili atangulie kwao. Mlangoni akasimama, macho yamevimba.

"Faustin, usikuye peke yako."

"Nitabaleta."

"Banani?"

Faustin akatazama rafu ya vitabu. Wivine naye akaitazama. Alikuwa ameishi na mtu huyu zaidi ya miaka ishirini, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kubisha hodi akasema ametoka baharini. Akajifunika kichwa akaenda, na Faustin akaogopa kama hajawahi kuogopa juu ya ngazi yoyote.

Alimfikiria kwanza Jeannot, mpaka rangi mwenzake, ambaye angekubali kuwa mtu wa baharini kwa chupa moja ya bia. Lakini mama yake Jeannot aliuza kinywaji cha munkoyo ubavuni mwa ua wa Kapya, na Jeannot alikulia palepale akiiba mapapai yao. Akamfikiria fundi mmoja kutoka kusini ambaye hakuna aliyemjua. Huyo naye alikuwa hajui Kiswahili wala huzuni. Mwishowe Faustin alifanya anachofanya kila mtu aliyelelewa na mapadre maji yanapomfika shingoni: alikimbilia kwa padre, ingawa hakuwa na imani kubwa nao. Aliona kama ni lazima asimame nje ya ua, basi asimame akiwa amekwisha kuungama. Akabeba kitabu cha tatu kwapani, kiwe ushahidi.

Kanisani palikuwa na padre mgeni, Padre Adalbert, mtu mkubwa mwekundu asiyejua aweke wapi mikono yake. Kiswahili alijifunza melini, kwenye kitabu cha sarufi kilichotungwa kwa ajili ya pwani ya mashariki, kwa hiyo alipopanda mimbarini na kusema, "Hamjambo, mabibi na mabwana," waumini waligusana viwiko. Hakuna aliyekuwa anaongea hivyo Élisabethville. Walimpenda kidogo kwa ajili ya hilo, na walimwiga sana.

Faustin akapiga magoti kwenye kiti cha kitubio.

"Mupe," akasema, kwani ndivyo padre alivyoitwa Cité, "nilisema bongo."

"Mara ngapi, mwanangu?"

"Kila siku ya Mungu, kisha misa."

Nyuma ya kimia kilichowatenganisha padre akakaa sawa. "Uongo gani huo?"

"Juu ya babu yangu. Nilisema alikuwa anavua samaki mu bahari na farasi."

Sauti ikauliza taratibu: "Nani alikusimulia jambo hilo?"

"Nilisoma mu kitabu."

"Kitabu gani?"

Kitabu hakikupita kwenye kimia. Faustin akainuka, akazunguka, akafunua pazia upande wa padre, jambo ambalo haliruhusiwi, akamwekea magotini ukurasa wenyewe. Padre Adalbert akautazama. Uso wake mwekundu ukawa mweupe, kisha mwekundu tena. Akaweka kidole kikubwa kwenye mnara mdogo uliochorwa nyuma ya vilima vya mchanga.

"Hapa ndipo nilipobatizwa," akasema. Kisha kidole kikamwendea mzee wa farasi. "Na huyu ni babu yangu. Au jirani yake. Wote walivaa kofia ya namna hii." Akatoa leso akapenga, na mlio ukajaa kanisa zima.

Faustin akauinamia ukurasa. "Mupe, farasi njo kweli?"

"Ni kweli tupu. Huingia maji ya kina kifupi, huburuta wavu, nasi huvua uduvi."

"Uduvi iko nini?"

"Vidudu vya baharini. Vidogo, vina miguu mingi. Vitamu mno."

Faustin alijisikia ameibiwa. Miaka yote ile alijisifu kimoyomoyo kuwa uongo ule ni wake mwenyewe, ameutunga kwa jasho, kumbe alikuwa anasema kweli kama mjinga yeyote.

"Basi sina zambi," akasema.

"Farasi ni wa kweli, Faustin. Babu si wako. Ni wangu."

Faustin akamtazama yule mtu mkubwa, aliyekuwa bado hajakiachia kitabu.

"Mupe, hapa Élisabethville uko na muntu wa kwenu?"

"Hata mmoja. Mapadre wenzangu ni watu wa mashamba. Wanajua ng'ombe."

"Basi sikia," akasema Faustin. "Hao bababu yako, miye njo niliangalia bo. Balikuwa ku moto, ku lundo ya viatu. Nilibapatia majina. Balizama mu mayi, bamama ya hapa balibalilia, Jumapili kwa Jumapili. Weye ulikuwa wapi? Sasa bukwe yangu, Mama Musonda, alikufa, na kesho bataniuliza bantu yangu, na miye sina. Sina hata mumoja, mupe. Bataniondolea bibi."

Akamweleza yote, mti, mbuzi na maswali matatu. Padre Adalbert alisikiliza huku akipapasa ukingo wa ukurasa.

"Mimi siwezi kusema uongo," akasema mwishoni.

"Hapana kusema bongo. Ujibu kweli tupu. Miye nitanyamaza."

Padre akafikiri sana. Akanyoosha mkono, akamwondolea dhambi. "Kwa malipizi," akasema, "mbuzi utamburuta wewe."

Asubuhi ya siku iliyofuata, Kalaba alikuwa amesimama mbele ya ua wa Kapya, na mti umelazwa njiani. Alikuwa na huzuni ya kweli kwa mama yake, na katikati ya huzuni alikuwa na tamaa ndogo ya kumwona shemeji yake akifika peke yake na vitabu vyake. Akasikia kelele kwenye kona. Akaona watoto, kisha mbuzi aliyekataa kutembea, kisha Faustin aliyekuwa anamvuta kwa nguvu zote, kisha kanzu nyeupe, kofia ya jua, na mfuko wa unga begani umeipaka kanzu nzima unga. Nyuma yao ilikuwa nusu ya Cité.

Kalaba akasahau maneno. Mama mdogo Léonie, mdogo wa marehemu, akamchoma kiwiko.

"Muko... muko bantu ya wapi?"

Padre akatua mfuko. "Sisi ni watu wa pwani," akasema, kwa kile Kiswahili chake.

"Sikieni!" akasema bibi mmoja ndani ya ua. "Anasema sawa bantu ya ku bahari!"

"Babu yenu alikuwa anatumika kazi gani?" akauliza Kalaba.

"Babu yangu alivua kwa farasi, ndani ya bahari, mpaka alipokufa."

Kalaba alimtazama padre, akatazama msalaba kifuani pake. Padre aliyevaa kanzu hawezi kusema uongo mbele ya maiti: Cité nzima ilikubaliana na hilo, pamoja na wale waliokuwa na sababu za kutokubali.

"Wimbo," akasema kwa sauti ndogo.

Padre Adalbert akavua kofia, akaimba. Ulikuwa wimbo wa wavuvi wa kwao, na baadaye alimwambia Faustin kwamba ulihusu mke wa mvuvi na mtoza ushuru, na kwamba usitafsiriwe kamwe mbele ya waumini. Kiitikio kilipokuja mara ya pili, Faustin akaingia. Hakujua neno hata moja, lakini alikuwa ameimba maneno asiyoyaelewa tangu utoto wake, na hakuna mtu Élisabethville aliyemzidi kwa kazi hiyo. Waliimba pamoja, mmoja mnene, mmoja mwembamba, na mbuzi akalia mahali panapostahili.

"Lakini huyu iko muzungu!" akalipuka Kalaba, alipopata ulimi wake.

"Kalaba, nyamaza," akasema mama mdogo Léonie. "Tuliomba bantu. Hatukuomba rangi. Rangi iko kazi ya Faustin."

Mti ukainuliwa. Wanawake wakapiga vigelegele na kilio kwa pamoja, kama ilivyo haki ya mama aliyekufa mzee. Padre akakalishwa chini kwenye mkeka pamoja na wakwe wanaume, akakatazwa kula mbele ya akina mama, akaamriwa kutazama chini. Alitii kila kitu. Kaburini Faustin alitupa udongo mahali pa mkwe mwenye watu, na Wivine, upande wa pili, alimtazama kwa muda mrefu.

"Nilizania utaleta Jeannot," akamwambia walipokuwa wanarudi, na akamshika mkono mbele ya kaka zake wote.

Hapo watu wangesema mambo yameisha. Lakini ukoo wa Kapya ulikuwa haulali na desturi nusu. Mkwe akikulilia, nawe una zamu yako.

Kiangazi cha mwaka uliofuata, habari ilifika kwamba mama yake Padre Adalbert amekufa kule kwao. Kwenda hakuwezekana. Mapadre wenzake walimpigapiga bega, wakamwombea misa, wakarudi mezani kwa sababu supu ilikuwa inapoa. Faustin aliyasikia hayo alipokuwa juu ya ngazi, anapaka madirisha ya misheni. Akashuka. Hakuosha hata brashi.

Kesho yake mchana, uani kwa mapadre, wakaingia wanawake wenye mikeka na unga, mama mdogo Léonie mbele, na nyuma Kalaba na mbuzi, na mzigo wa samaki wa Kasenga begani. Wakakaa kati ya maua na kuanza kulia kwa sauti kubwa. Mkuu wa misheni akatoka mbio, kitambaa cha mezani kikiwa bado kimening'inia shingoni.

"Ninyi watu wa wapi?" akafoka.

"Ya ku bahari," akajibu Kalaba, bila kucheka, na akatua mzigo.

Mkuu akatazama huku na huku akitafuta mtu mwenye akili. Chini ya ukuta alimwona Padre Adalbert ameketi ardhini, na ubavuni mwake Faustin mpaka rangi, bila viatu, kichwa wazi, jinsi anavyokaa mtoto wa marehemu.

"Na wewe, Faustin! Aliyekufa ni nani kwako?"

"Mama."

"Mama yako?"

"Yetu," akasema Faustin.

Hakujua mama yake alikufa lini, wala katika nchi gani, wala kama yuko mtu aliyemlilia. Hakuwahi kupewa ua wa kumlilia. Sasa alikuwa nao, na mikeka, na watu, akafungua kinywa akamlilia mama yake kwa sauti yote aliyokuwa nayo, mzee mzima, machozi yakichora njia kwenye rangi ya mashavuni, na hakuna aliyemwambia amekosea matanga. Padre alimpa leso yake, ingawa alikuwa ameshaitumia. Mbuzi alikuwa anakula maua ya Bikira Maria, na hakuna aliyemfukuza. Kalaba akatandika mkeka mwingine, kwa sababu watu walikuwa bado wanaingia.